Shajara ya SR500: riaseti gani kwa pikipiki ya mwaka 1980?

Machi, baada ya kufunga usukani

Usukani mpya umekaa. Ni ule wa vipande viwili, kila kipande kinabana mguu wake wa foki, na kwa sura pikipiki imependeza. Shida ni kuikalia. Mikono imeshuka na kwenda mbele, miguu imebaki palepale Yamaha walipoiweka, na mgongo unakunjika katikati. Kwenye foleni ya Mwenge kwenda Posta uzito wote wa kifua unaishia viganjani. Ukishika breki ya mbele unaserereka hadi kwenye tangi, maana miguu haipo mahali pa kukuzuia.

Hatua inayofuata basi ni riaseti: kuhamisha vikanyagio, pedeli ya breki na leva ya gia kwenda nyuma na juu. Wengi huanza na picha za mtandaoni, wakachagua rangi, halafu ndipo wakatafuta namna ya kulazimisha kitu kiingie. Mimi naanza na pikipiki yenyewe. Hii ni Yamaha SR500 ya toleo la Ulaya, silinda moja, 499 cc, pistoni ya milimita 87 na mwendo wa milimita 84. Haina starta ya umeme, ni kiki tu. Haina shafti ya kusawazisha mtetemo. Breki ya nyuma ni dramu inayovutwa kwa fimbo ya chuma upande wa kulia. Kiki, mtetemo na fimbo: hayo matatu ndiyo yatakayochagua riaseti, si mimi wala rangi.

Machi, kupima kabla ya kununua

Sikutaka kununua kitu kwa vipimo vya mguu wa mtu mwingine. Nimeisimamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, nikapanga matofali na mbao kila upande, nikakaa kitini na buti zangu za safari huku mdogo wangu akiongeza au kupunguza ubao mmoja mmoja. Kila nilipoona pametulia, aliweka alama ya chaki ukutani kwa kufuatisha kikanyagio.

Jibu la mwili wangu (nina urefu wa mita 1.82) limekuja kuwa milimita 120 nyuma ya pale pa zamani na milimita 45 juu. Si zaidi. Nilijaribu pia pale panapofungwa futresti za abiria, kwa sababu watu wengi hupenda kutumia matundu hayo. Yapo tayari, hakuna cha kutoboa. Hapana. Pale kisigino kinaingia chini ya makalio, goti linakunjika kupita kiasi, na baada ya dakika chache misuli ya mbele ya paja inaanza kuwaka. Kwa kijana wa mita 1.65 anayekimbia kwenye kiwanja cha mashindano huenda pangefaa. Kwa mtu anayetoka Kimara asubuhi na kurudi jioni, ni adhabu.

Kuna jambo ambalo wauzaji wa riaseti hawalitaji: matuta. Barabara zetu zina matuta, na SR ina shokapu fupi za nyuma. Kwenye tuta unatakiwa uinue makalio kidogo, miguu ibebe uzito. Kikanyagio kikiwa nyuma sana huwezi kusimama bila kujivuta kwa mikono, na mikono tayari iko chini. Nilipima hilo pia: nikikaa, naweza kunyanyuka bila kushika chochote? Kwenye milimita 120, ndiyo. Kwenye matundu ya abiria, sikuweza.

Kipimo kingine ni kati ya kikanyagio na leva ya gia. Buti zangu ni namba 45. Seti nyingi zina leva fupi zilizotengenezwa kwa viatu vyembamba vya mashindano, na mwenye mguu mkubwa anabaki anapinda kifundo ili apate kuingiza kidole chini ya leva.

Mwisho wa Machi, kilichopo sokoni

Njia niliziona nne.

Ya kwanza ni seti iliyotengenezwa mahsusi kwa SR. Zipo. SR ina wapenzi wengi Ujerumani na Japani, na KEDO wa Hamburg wamejenga biashara yao juu ya SR na ndugu yake wa Yamaha, XT. LSL wa Krefeld nao wamekuwa kwenye usukani na riaseti miaka mingi. Faida ya vitu vya Kijerumani ni karatasi: kule kifaa hakiruhusiwi barabarani bila kibali au ukaguzi, kwa hiyo mtengenezaji amelazimika kukipima. Trafiki wa Ubungo hatakuuliza karatasi hiyo, ila mimi nailipia kwa furaha, kwa kuwa kikanyagio kinachokatika nikiwa nimekisimamia ni hospitali. Kinachonizuia ni gharama. Ongeza usafiri, ushuru, na VAT ya asilimia 18 inayopigwa juu ya vyote hivyo, seti inakaribia thamani ya injini nzima ya bodaboda.

Ya pili ni zile seti za bei ya chini zinazoandikwa "zinaingia pikipiki yoyote". Nilishika moja Kariakoo. Kwa mbali inang'aa, rangi ya dhahabu, imechongwa kwa kompyuta. Ukiishika karibu, pedeli inazunguka moja kwa moja juu ya bolti, aluminiamu inasugua chuma, bila bushi wala beringi. Ukiitikisa kwa vidole ncha inacheza ikiwa bado mpya. Ipe mvua moja ya masika na vumbi la mwezi mmoja, lile tundu litakuwa yai. Halafu ina sehemu ya kufungia silinda kuu ya breki ya mafuta, wala haina pa kushika fimbo.

Hilo la breki ya mafuta ndilo linaloua pia njia ya tatu, ya kuchukua riaseti za pikipiki ya michezo iliyopata ajali. Kwa bei ni nzuri na chuma chake ni cha uhakika. Lakini pikipiki hizo zote nyuma zina diski. Kuzitumia kwenye SR maana yake ubadili gurudumu, uweke diski, kalipa na silinda. Huo ni mradi mwingine kabisa, na dramu ya SR ikiwa imewekwa sawa inatosha.

Ya nne ni mseto: sahani za kufungia zichongwe hapahapa kwa vipimo vyangu, halafu vikanyagio, leva na boljointi ndogo (viungo vya ncha za kifimbo cha gia) zinunuliwe moja moja kutoka kwa watu wanaozijua pikipiki za zamani. Tarozzi wa Italia wanauza vipande hivyo kimoja kimoja, pamoja na vikanyagio vya kukunja. Raask wa Sweden walikuwa maarufu kwa kazi hii zamani, na seti zao zilizotumika bado zinaonekana mnadani, ila kununua chuma cha umri wa pikipiki yangu bila kukishika kwanza sijakuwa jasiri kiasi hicho.

Nimeamua ya nne. Vikanyagio vya kukunja, vyenye mpira juu.

Hapo kwenye mpira najua nitachekwa. Mtindo ni kikanyagio cha aluminiamu tupu chenye meno makali, kinachong'ata soli. Kwenye pikipiki ya silinda nne sawa. Kwenye silinda moja ya 500 isiyo na shafti ya kusawazisha, mtetemo wote unapanda kwenye sahani, unaingia kwenye soli, na ukifika Chalinze huzisikii nyayo. Yamaha waliweka mpira mnene kwa sababu.

Aprili, kiki

Sahani ya mfano nimeikata kwenye plaiwudi ya milimita 9, nikaifunga upande wa kulia na kuchomeka kipande cha bomba mahali pa kikanyagio. Nikaisukuma kiki kwa mkono, polepole, plagi ikiwa nje.

Kanyagio la kiki linashuka kwa duara kutoka juu, linakwenda nyuma, na kabla halijamaliza safari yake linagonga lile bomba. Wenye SR wote waliohamisha miguu wanalijua hili. Sasa, kwa asiyeijua injini hii: unawasha kwa kuvuta leva ndogo ya kupunguza mgandamizo, unaisogeza pistoni taratibu hadi alama itokee kwenye kidirisha cha kichwa cha injini, unaachia leva, halafu unakanyaga kwa mkupuo mmoja mrefu mpaka mwisho. Mkupuo ukikatwa njiani injini inaweza kurudisha kiki juu kwa nguvu, na goti lako ndilo linalopokea. Kwa hiyo kikanyagio cha kulia lazima kikunjike kabisa kwenda juu, na kibaki juu chenyewe, kisidondoke wakati mguu uko kazini.

Vile vya kukunja vina kigololi na springi ndani ya bawaba. Kinashika juu na kinashika chini. Nilipovipokea, jambo la kwanza lilikuwa kukinyanyua kimoja na kukitikisa. Kimebaki. Pembe ya bawaba ndiyo ya kuangalia: kikikunjika wima tupu bado kinashika ukingo wa buti, kikiegemea nyuma kidogo buti linapita. Nimezungusha uma unaoshika bawaba hiyo nyuzi kama kumi na tano kwenda nyuma kwenye sahani, na kiki sasa inapita bila kugusa kitu. Pedeli ya breki nayo iko ndani zaidi ya njia ya buti.

Aprili, hesabu ya breki

Hapa nimekaa muda mrefu kuliko popote, na ndipo naona riaseti nyingi za nyumbani zinaposhindwa.

Pedeli ni wenzo. Umbali kutoka mhimili hadi kidole cha mguu, ukiugawa kwa umbali kutoka mhimili hadi fimbo, ndiyo idadi ya mara ambazo nguvu yako inazidishwa. Chukua mfano: mkono wa milimita 200 mbele na milimita 50 kwenye fimbo, ni mara 4. Riaseti huja na pedeli fupi, tuseme milimita 140. Ukiacha fimbo palepale kwenye milimita 50, unapata mara 2.8. Umepoteza asilimia 30 ya breki ya nyuma na hujui kwa nini. Unaanza kulaumu viatu vya breki, unanunua vipya, bado. Dawa ni kuisogeza fimbo karibu na mhimili: milimita 35, na mara 4 yako imerudi.

Gharama yake ni pembe. Kwa pedeli fupi, kidole kikishuka kiasi kilekile, pedeli inazunguka zaidi, na kifundo cha mguu tayari kimekunjika kwa sababu ya kukaa nyuma. Hivyo uhuru wa bure mwanzoni mwa pedeli lazima uwe mdogo. Na kule mwisho, mkono wa dramu uwe karibu nyuzi 90 na fimbo pale breki inaposhika, si pale inapopumzika. Ukiukuta umelala sana, uchomoe kwenye meno yake, ugeuze jino moja, urudishe.

La pili ni shokapu. Sahani ya dramu imeshikwa na swingamu (mkono unaobeba gurudumu la nyuma), kwa hiyo gurudumu likipanda na kushuka, mkono wa breki unasafiri nalo kwa duara linalozunguka bolti ya swingamu. Pedeli iko kwenye fremu, haisafiri. Mahali fimbo inaposhika pedeli pakiwa mbali na bolti ya swingamu, juu au chini, umbali kati ya ncha mbili unabadilika kila gurudumu linapocheza, na fimbo inavuta yenyewe. Kwenye tuta breki inashika bila kuguswa. Riaseti iliyopandisha mhimili juu inaweza kulizidisha tatizo hili. Nimeulaza mkono wa fimbo uelekee chini ili kishikio kikaribie usawa wa bolti ya swingamu.

Kipimo chake ni rahisi: funga plaiwudi, funga fimbo, nyanyua gurudumu, rekebisha mpaka viatu viguse kidogo sana, halafu shusha na watu wawili wakae. Mdogo wangu na jirani walikaa, mimi nikalala chini nikitazama mkono wa dramu. Ulisogea kiasi cha unene wa ukucha. Nimekubali.

Aprili, Gerezani

Nimekwenda na plaiwudi mbili, fimbo ya zamani, na leva ya gia ya zamani. Fundi ni mtu mzima, mashine yake ya kukereza ina umri unaokaribia wake.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Hii si ya bodaboda."

"Si ya bodaboda. Nataka kurudisha miguu nyuma."

Akaishika fimbo ya breki, akaipima kwa macho, akanitazama juu ya miwani. "Mwanangu, hii usiniambie niikate katikati niichomelee. Breki sichomelei. Nitakukatia uzi."

Sikuwa na neno la kuongeza. Fimbo imefupishwa upande wa mbele, imekatwa uzi, ikafungwa uma wa chuma wenye loknati (nati ya kuzuia isilegee) na pini yenye spliti pini. Upande wa nyuma, wenye nati ya kurekebishia, haujaguswa.

Kwenye sahani tulibishana. Yeye alitaka chuma cha milimita 6: "Kikipinda utakinyoosha." Hoja nzito, na kama pikipiki ingekuwa ya kazi ningemfuata. Mimi nilitaka aluminiamu ya milimita 10. Akaniletea vipande viwili kutoka rundo lake, akavibana kwenye jiriwa kimoja baada ya kingine, akapitisha tupa. Cha kwanza kiliacha unga ulioganda katikati ya meno ya tupa kama uji, cha pili kilitoa chembe kavu zilizoanguka zenyewe. "Hiki laini, hiki kigumu. Chukua kigumu." Ndicho kilichochongwa.

Pedeli nimeitilia bushi ya shaba nyeusi yenye mfereji wa grisi, inazunguka juu ya bomba la chuma, na bolti inakaza bomba hilo, haikazi pedeli. Ndiyo tofauti yote na zile za dhahabu za Kariakoo. Bolti za M8, daraja 8.8. Nilikataa kubwa zaidi kwa makusudi: ikianguka, heri sahani ipinde au bolti ikatike kuliko kung'oa kishikio cha fremu.

Mei, gia

Kwenye gia ubunifu hautakiwi. Leva ya zamani ilikaa moja kwa moja kwenye shafti. Sasa shafti iko mbele ya kikanyagio, kwa hiyo leva mpya inazungukia kwenye sahani na kusukuma shafti kupitia kifimbo. Mkono mfupi wa shaftini nimeupata kwa kuikata leva ya zamani karibu na kitovu chake. Meno yake tayari yanalingana na ya shafti, kuliko kuhangaika kutafuta kingine.

Mwelekeo ndio unaowachanganya watu. Mkono wa shafti na mkono wa leva vikitazama upande mmoja, vyote chini au vyote juu, gia zinabaki kama kawaida: ya kwanza chini, nyingine juu. Kimoja kikitazama juu na kingine chini, mpangilio umegeuka, kama wanavyopenda wa mashindano. Yangu yote yanatazama chini. Sitaki siku moja nimpe rafiki pikipiki, akanyage akidhani anapunguza gia.

Urefu wa mikono hiyo miwili nimeufanya sawa, ili safari ya leva isibadilike, na kifimbo kiko nyuzi 90 kwa yote miwili gia ikiwa imepumzika. Boljointi moja ina uzi wa kulia, nyingine wa kushoto. Unalegeza loknati, unazungusha kifimbo kwa vidole, leva inapanda au kushuka bila kufungua kitu. Jambo dogo, lakini seti za bei ya chini mara nyingi hulikosa.

Mei, Pugu na Kisarawe

Mvua imetulia asubuhi, nimetoka kupitia Gongo la Mboto, Pugu, hadi Kisarawe kwenye vilima na kona. Mwili umekaa kwenye pembetatu yake. Upepo unabeba kifua, viganja vimepona, na ukishika breki magoti yanabana tangi. Breki ya nyuma ina nguvu ileile ya mwanzo, pengine inasikika vizuri zaidi kwa sababu bushi haichezi. Kwenye matuta ya Pugu nimenyanyuka bila kujivuta.

Mtetemo upo. Unaanza kusikika juu ya kilomita 90 kwa saa, kwenye mguu wa kushoto kuliko wa kulia. Mpira unafanya kazi yake. Bila huo nisingependa kujua.

Yaliyobaki. Springi ya swichi ya taa ya breki ni fupi kwa pedeli mpya, taa inawaka hata nisipokanyaga. Nimeirefusha kwa waya kwa muda, nitatafuta nyingine. Bolti zote nimezikaza tena baada ya safari, moja ya kushoto ilikuwa imelegea robo mzunguko, nimeitia gundi ya bolti. Futresti za abiria nimezitoa, na kiti cha mtu mmoja bado kiko kwa fundi wa makochi. Na leva ya gia inataka tundu la pili kwenye ncha, milimita 15 mbele, kwa sababu buti za mvua ni ndefu kuliko hizi nilizopimia. Jumamosi narudi Gerezani.